Vali Sita za Linus

Jumatatu ya Juma Kuu, Aprili 1957
Lipangalala, Ifakara

Mvua imekatika saa nane na mpaka sasa haijarudi. Jua limetoka, jua la kinyonge lisilokausha kitu. Maji yamesimama uani mpaka karibu na mlango wa jiko, na vyura wanalia mchana kweupe. Nimekaa kwenye kigoda barazani, daftari liko mapajani, kwa sababu ndani siwezi kukaa. Ndani yumo mama mkwe wangu, na kando ya kitanda chake ipo redio ambayo jana niliiharibu kwa mikono yangu.

Sijaandika humu tangu shule ifunguliwe Januari. Nilikuwa najiambia sina nafasi. Kweli ni kwamba sikuwa na jambo zito kiasi cha kushindwa kulisema kwa mdomo. Leo ninalo.

Nimemdanganya mama. Nilimdanganya mbele ya watu, na uongo wangu umemuumiza kuliko lile nililokuwa nalificha.

Niandike tangu mwanzo, polepole, kama ninavyowafundisha watoto wa darasa la pili.

Mume wangu Linus alikufa miaka miwili iliyopita kwa homa ya siku nne. Hatukujaliwa mtoto. Matanga yalipokwisha, kaka yangu alikuja kutoka Michenga na baiskeli, akataka nirudi naye nyumbani. Nilikataa. Nilimwambia nafundisha hapa mjini, na shule haiwezi kunifuata Michenga. Hiyo ilikuwa sababu ya kumpa kaka. Sababu yenyewe ilikuwa mama. Mumewe alikufa zamani, Linus ndiye huyo tumemzika, na mwanawe wa pili, Benedikto, yuko Dar es Salaam mwaka wa tisa sasa na hajawahi kurudi. Hata msibani hakufika, maana masika yalikata njia na barua yetu ilimfikia nyasi zikiwa zimeshaota kaburini. Mama na mimi tulikuwa tumempoteza mtu mmoja. Tulijua namna ya kukaa kimya pamoja bila kuchoshana.

Lakini kimya sasa kimemwingia mwilini. Sikio lake la kulia halisikii tangu sijaolewa. La kushoto linafifia mwezi hata mwezi. Mwaka jana ungeweza kumsemesha ukiwa umekaa naye mkeka mmoja. Mwaka huu ni lazima umwekee mdomo sikioni na useme taratibu, kwa sauti nzito. Sauti nyembamba, za watoto na za ndege, hazimfikii tena kabisa. Daktari alimtazama akasema ni uzee, dawa yake hana. Mama alinigeukia mimi ili nimwambie daktari amesema nini, nikamwambia. Akasema, "Basi nisikie mapema vile ninavyotaka kusikia."

Mwezi wa pili ikaja barua ya Benedikto. Si mwandishi, huyo. Barua zake ni mistari mitano, salamu zikiwa mitatu. Safari hii aliandika ukurasa mzima. Anaimba katika kwaya ya parokia yao, na kwaya hiyo imealikwa kuimba kwenye redio Jumapili ya Matawi, saa kumi alasiri. Wataimba mara moja tu, palepale, bila kurudia. "Ubeti wa pili nitauimba peke yangu," aliandika. "Mwambie mama asikilize."

Nilimsomea mama sikioni mara tatu. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na yangu.

"Alikuwa na sauti ya baba yake," alisema. "Sijui kama bado anayo."

Hapo ndipo nilipotoa ahadi. Nilimwambia atamsikia. Nilimwambia nitaifufua redio ya Linus.

Linus alikuwa fundi wa redio. Alijifunza jeshini, wakati wa vita, na aliporudi alitengeneza redio za wenye maduka na za wenye mashamba makubwa ng'ambo ya mto. Yake mwenyewe ilikuwa masanduku mawili ya mbao yaliyokaa mezani kama ndugu wasiofanana. Moja aliliita risiva, kwa jina la jeshini. Mimi huandika kipokezi. La pili ni amplifaya, alilolitengeneza mwenyewe kwa vipande vya mashine zilizokufa. Pembeni ilikuwepo spika kubwa, aliyoitoa kwenye sanduku la muziki la mzungu mmoja aliyehama.

Watu walikuwa wakimuuliza kwa nini masanduku mawili wakati redio ya dukani ni moja. Aliwajibu kwa subira ambayo mimi sina. Hewani, alisema, sauti ni nyingi kama watu wa gulio, zote zinasema kwa wakati mmoja. Kazi ya kipokezi ni kuchagua. Kinamshika mmoja, kinawaacha wengine, lakini huyo mmoja anafika akiwa amechoka, sauti yake ni ya mgonjwa. Kazi ya amplifaya ni kumpa nguvu. Basi. Amplifaya haichagui kitu. Chochote utakachoipa itakikuza, na ukiipa mkwaruzo itakupa mkwaruzo unaojaza nyumba.

"Kwa hiyo anayetaka sauti kubwa," alikuwa akisema, "asianze na amplifaya. Aanze na waya ulioko nje."

Nilikuwa nikimsikiliza huku nasahihisha madaftari. Sikujua kwamba nilikuwa najifunza.

Tangu afe, masanduku yalikaa yamefunikwa kwa kanga yangu moja ya zamani. Betri zilikuwa zimekwisha. Mama hakuwahi kuniambia niyaondoe, wala mimi sikuwahi kuyafunua. Mwezi wa tatu niliyafunua. Nilitoa na daftari la Linus, lenye michoro yake na mwandiko wake uliolala upande mmoja, nikaanza kusoma kila siku baada ya kutoka shule.

Nikiri jambo. Siku zile zilikuwa siku zangu nzuri tangu atutoke. Nilikuwa nasoma mstari, nashika waya, narudi kwenye mstari, na ilikuwa kama ananisahihisha. Kuna mahali aliandika juu yangu, "Hapa Paskalia aliuliza swali zuri," bila kusema ni swali gani. Nililia mpaka mama akaja kuniangalia.

Nilianza na waya wa nje, kama alivyosema. Nilisimamisha mwanzi mrefu nyuma ya jiko, nikatandaza waya mpya kutoka pale hadi kwenye paa. Waya mwingine niliuzika ardhini, penye unyevu. Betri nilimwagiza dereva wa lori la mchele, akazileta kutoka Morogoro siku chache tu kabla barabara haijafungwa. Betri zenyewe ni za aina mbili, na hapa naomba niandike vizuri maana ndipo mambo yote yalipoharibikia. Ndani ya masanduku yale mna vali sita, chupa ndogo za kioo, nne kwenye kipokezi na mbili kwenye amplifaya. Kila moja ina uzi mwembamba ndani, mwembamba kuliko unywele. Betri ndogo, ya volti moja na nusu, kazi yake ni kuupasha moto uzi ule. Betri kubwa, ya volti tisini, ndiyo inayoipa sauti nguvu. Kila betri ina waya zake. Nguvu ya betri kubwa ikipita kwenye uzi ule mwembamba, uzi unakatika. Na kwa kuwa zote sita zimeunganishwa kwa waya mmoja, zinakufa zote kwa pamoja.

Linus alikuwa amezitofautisha waya kwa rangi, nyekundu za betri kubwa na njano za betri ndogo. Lakini moshi wa jiko na unyevu wa masika mawili umezifanya zote kuwa kahawia. Yeye mwenyewe hakuziamini rangi. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake ameandika, na kupigia mstari mara mbili: kila unapounganisha upya, chomoa vali zote kwanza, kisha gusisha balbu ya tochi mahali vali inapopata moto wake. Balbu ikiwaka kawaida, rudisha vali. Ikilipuka, umepoteza balbu tu.

Juzi Jumamosi nilifanya hivyo. Ilinichukua karibu nusu saa. Balbu iliwaka vizuri, nikarudisha vali moja moja, nikafungua. Kwanza ulikuja mkwaruzo, kisha filimbi, kisha mtu akaanza kusoma bei za pamba. Nilizungusha kitufe cha amplifaya taratibu mpaka kuta zikaanza kuitikia. Nikamwita mama. Niliuchukua mkono wake nikauweka juu ya sanduku la spika, na sikio la kushoto nikalisogeza.

Alifumba macho. "Mwanamume," alisema. Baadaye akasema, "Anasema pamba."

Mimi na yeye tulicheka sana. Sikumbuki mara ya mwisho nyumba hii kucheka.

Jirani yetu Mzee Saidi alikuwa amekuja kusikiliza. Ni fundi cherehani, hushonea kwenye baraza la duka moja kule sokoni, na duka hilo lina redio kubwa mpya inayotumia betri ya gari. Aliisifu kazi yangu, lakini kabla ya kuondoka akanivuta kando.

"Mwalimu, mwenye duka amekubali. Kesho tumbebe mama kwenye kiti mpaka pale. Redio yake haina matatizo."

"Ahsante, mzee wangu. Umeona mwenyewe kwamba hii inasema."

"Nimeona. Nasema tu, kuwa na mbili si vibaya."

Nilikataa kwa adabu. Nilitaja mvua, nilitaja matope, nilitaja kifua cha mama. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Nilitaka Benedikto aingie nyumba hii kupitia masanduku ya Linus. Nilitaka wale wanaosema mjane wa Linus anachezea waya waje wasikie. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo naliandika hapa kwa mara ya kwanza: nilitaka mama aniangalie namna alivyokuwa akimwangalia Linus akitengeneza kitu.

Kiburi changu kilikuwa hicho. Tulikuwa tumebakiza siku moja.

Jana tulitoka kanisani na matawi yetu, tumelowa. Saa nane mvua ikawa kubwa. Saa tisa na nusu, majirani wameshaanza kufika na kukung'uta miguu mlangoni, paa likaanza kuvuja juu ya meza. Tone la kwanza lilianguka juu ya amplifaya. Nililifuta. Likaanguka jingine, kisha mfululizo. Hapakuwa na jinsi, ilibidi kuhamisha. Chumba cha mama ndicho pekee kisichovuja. Nilizing'oa waya zote, tukabeba masanduku, tukayapanga kwenye kasha la nguo kando ya kitanda chake. Mama alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka, wiki nzima kabla ya siku yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono tayari juu ya spika.

Saa ya Linus, ambayo mimi huvaa, ilikuwa inaonyesha dakika kumi kabla ya saa kumi.

Balbu ya tochi ilikuwa mfukoni mwangu. Nataka hili liandikwe. Haikupotea, haikuvunjika, hakuna aliyeiazima. Ilikuwa mfukoni, niliihisi kwenye paja nilipochuchumaa. Nikapiga hesabu. Nusu saa ya kuchomoa na kujaribu na kurudisha, na ninazo dakika kumi. Nikajiambia jana nilizishika waya hizihizi, mikono inakumbuka. Watu sita walikuwa wamesimama nyuma yangu wananitazama. Nikaunganisha.

Chumba kilikuwa na giza la mvua, kwa hiyo tuliona vizuri. Kupitia matundu ya nyuma ya sanduku ulitokea mwanga mweupe, wa vali zote sita kwa pamoja, mzuri sana. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema "Ee," kwa kupendezwa. Kisha ukazimika.

Nilijua palepale. Hakuna mwingine aliyejua. Nilizungusha vitufe kwa muda, kwa ajili ya watu. Spika haikutoa hata mkwaruzo.

Saa kumi ikafika.

Mama alinigusa bega. "Ameanza?"

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana. Nyuma yangu watu walikuwa wakinisubiri mimi niseme. Sijui kwa nini nilifanya nililofanya. Nimejaribu tangu jana kujua. Nadhani nilitaka dakika moja tu zaidi ya uso ule.

Nilimwitikia kwa kichwa. Ndiyo, ameanza.

Akainama. Akabandika sikio la kushoto kwenye kitambaa cha spika, kiganja juu ya mbao, akafumba macho. Alikaa hivyo. Kisha nikauona uso ule ukibadilika, kidogo kidogo. Alisogeza sikio juu, akalisogeza chini. Akabonyeza kiganja kwa nguvu zaidi. Akafumbua macho na kunitazama, na yalikuwa na hofu ambayo sijawahi kuiona kwake, hata siku ya kumzika Linus.

"Paskalia. Sisikii."

Mimi ndiye niliyepaswa kusema.

"Sisikii kitu, mwanangu. Hata mtetemo siupati."

Bado nilikuwa na nafasi. Ningemwekea mdomo sikioni nikasema maneno mawili, redio imekufa. Maneno mawili tu, na angebaki na sikio lake. Badala yake nilikaa nimechuchumaa pale sakafuni, mikono kwenye waya, nikitazama miguu yake. Mzee Saidi alinitazama mimi, akalitazama sanduku, akatoka kwenye mvua bila kuaga. Wengine walimfuata mmoja mmoja.

Mama alisubiri. Alisubiri muda mrefu sana, ameliegemea sanduku lile bubu. Mwishowe akauliza, "Amemaliza?"

Nikaitikia tena. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

"Basi sikio limekwisha," alisema. Alivua gauni, akalikunja vizuri, akalala akiangalia ukuta.

Mzee Saidi alirudi baada ya saa moja, maji yanamchuruzika. Alikuwa amekwenda mpaka dukani kwa miguu, akasimama barazani pamoja na wengine.

"Nimekuta ubeti wa pili," aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini. "Kijana ana sauti nzito. Inatoka kifuani. Hata mama angeisikia."

Hakusema kwa ubaya. Alidhani nitapenda kujua. Nilimshukuru, nikafunga mlango.

Sauti nzito. Sauti ya aina ileile ambayo sikio lake bado linapokea. Ilikuwa pale sokoni, hatua mia chache kutoka hapa, na kiti cha kumbebea mama kilikuwa tayari.

Leo asubuhi nilimwamkia. "Shikamoo mama," mdomo sikioni kama kila siku. Alinisukuma taratibu kwa kiganja. "Usijichoshe," alisema. Hakuwa anakataa salamu. Alikuwa ameacha kusikiliza. Aliamini hakuna kitu cha kusikiliza, kwa hiyo hakujaribu, na nikaona kwamba nimefanya kwa kichwa changu kimoja kile ambacho uzee ulikuwa bado haujafanya. Uji haukuguswa. Saa tano radi ilipiga upande wa milimani na nikaona kope zake zikicheza. Anasikia. Ana sikio, na mimi nimemwambia hana.

Nilizunguka nyumba hii asubuhi nzima nikitafuta kazi. Nilifua nguo zisizoweza kukauka. Nilimchuna samaki mmoja, kitoga, mpaka akabaki mifupa. Nilikuwa nikijiambia nitasema baada ya kula, kisha nitasema mvua ikikatika.

Mvua ilikatika.

Niliingia na vali moja mkononi. Nilikaa kando yake, nikaiweka kwenye kiganja chake, nikamwelekeza kwa kidole ndani ya kioo, mahali uzi ulipokatika na kujikunja. Aliitazama, akanitazama. Hakuelewa. Nilipouinamia upande wake wa kushoto alitaka kunisukuma tena, nikaushika mkono wake. Sijawahi kumshika kwa nguvu. Nikasema yote, sikioni, taratibu, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza. Kwamba redio ilikufa kabla ya saa kumi. Kwamba niliiua mimi kwa haraka yangu. Kwamba hakukuwa na wimbo wowote ndani ya sanduku lile. Kwamba sikio lake ni zima kama lilivyokuwa Jumamosi.

"Nimesikia," alisema.

Nilingojea afurahi. Ni ujinga, lakini nilingojea.

"Jana uliniacha nikae pale," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya Saidi. Mbele ya wanawake wa kanisani. Nimelibandika sikio kwenye ubao mtupu."

"Ndiyo, mama."

Alinirudishia ile vali. Alisema kitu kwa Kindamba, polepole, akiongea na ukuta zaidi kuliko na mimi. Alisema Linus asingemfanyia hivyo.

Ni kweli. Asingefanya. Linus alikuwa na balbu mfukoni na alikuwa anaitumia. Na kama angekosea, angecheka na kusema nimeunguza, mama, nisamehe, na wangekimbilia sokoni wote wawili chini ya kipande cha turubai. Nimekaa na daftari lake zaidi ya mwezi mmoja nikidhani nimejifunza kazi yake. Nilijifunza masanduku tu.

"Niache kidogo," mama alisema, nikatoka. Hapo ndipo nilipoanza kuandika.

Nilisimamisha kalamu kwa muda, maana aliniita. Sasa ni karibu saa kumi na mbili, mwanga bado upo.

Nilimkuta amekaa. Uji wa asubuhi, uliokwisha poa, alikuwa ameunywa nusu. Hakunitazama usoni. Alinyooshea kidole kalamu yangu.

"Mwandikie Benedikto," alisema. "Mwandikie kwamba nilimsikia. Sema sauti bado ni ya baba yake."

Nilimwinamia sikioni. "Mama, tusimdanganye na yeye."

"Wa jana ulikuwa wako," alisema. "Huu ni wangu."

Akanieleza, kwa maneno machache, kama mtu anayemweleza mtoto. Benedikto ni mtu wa kuona haya. Alikaa mbali miaka tisa kwa sababu mwaka wa kwanza hakuwa na kitu cha kuleta, na kila mwaka aibu ikaongezeka. Wimbo ule ndio kitu cha kwanza alichokileta. Akijua haukumfikia, atajiona ameuimbia ukuta, na hataleta kingine.

Mimi nadhani kinyume chake. Nadhani akiambiwa mama alimsikia, ataridhika, atasema deni la mwana limelipwa, atakaa Dar es Salaam mpaka siku sikio litakapozimika lenyewe, kweli safari hii. Lakini nani ataniuliza mimi ninavyodhani? Mwenye mtoto ni yeye.

Niliandika kama alivyotaka, neno kwa neno. Nilimsomea. Alinirekebisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika "nilifurahi," akasema niandike "nilitulia." Kisha akaweka alama yake ya msalaba chini, maana hajui kuandika, akajilaza. Hakunishukuru na hakunifukuza. Sijui kesho ataniitikia salamu au la. Redio haitasema tena. Vali za aina ile hazipo Ifakara, na hata zingekuwepo, sitathubutu kumwekea mama mkono juu ya lile sanduku mara ya pili.

Nimerudi barazani na barua. Nimeisoma tena peke yangu. Chini ya alama ya msalaba palikuwa na nafasi, na hapo nimeongeza mstari wangu: "Shemeji, njoo kabla mpunga haujavunwa. Usije na kitu. Njoo uimbe."

Mstari huo sikumsomea.

Katika siku mbili nimemficha mama mara tatu. Mara mbili najua zilikuwa woga. Hii ya tatu sijui niiite nini. Malori hayatapita mpaka barabara ikauke, na mpaka wakati huo barua zinavushwa kwa mtumbwi, zikifika zinafika zimelowa. Mtu asiyekuja kwa miaka tisa, kwa nini aje kwa sentensi tatu fupi za mke wa marehemu kaka yake?

Bahasha nimeibandika. Asubuhi naipeleka posta, mvua inyeshe isinyeshe.